Ng'ombe wamejaa Kanda ya Ziwa, ajira za kusindika maziwa ziko wapi? Mpwa wangu anataka kusomea

#1 Mjomba_Buhongwa

Wakuu, habari za jioni.

Nina mpwa wangu wa kike, kamaliza kidato cha nne. Baiolojia C, Kemia D, na D nyingine tatu. Nilipomuuliza anataka kusomea nini akanijibu papo hapo: kusindika maziwa. Kufuga hataki, kutibu ng'ombe hataki. Anataka awe kule ndani kwenye mitambo, awe mtu anayejua kwa nini maziwa haya yameganda na yale yamegoma. Chanzo ni likizo zake Misungwi kwa bibi yake, walikuwa wanasukasuka kibuyu cha samli pamoja.

Sasa nimezunguka mjini wiki nzima. Madukani nakuta maziwa ya Tanga, ya Iringa, ya Dar. Na hapa ukishapita Usagara tu, basi linasimama kupisha ng'ombe wavuke barabara. Maswali yangu ni mawili. Kwa nini viwanda vya maziwa huku kwetu ni vichache hivi? Na huyu binti asome wapi ili asije akakaa na cheti ndani? Nina akiba kidogo, sitaki kukosea.

#2 Nipo_Kirumba

Nakaa hapa mbele kabisa mkuu, waje wenye uzoefu.

#3 Daktari_wa_Zizi

Mjomba, kwa matokeo hayo aombe LITA, Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo. Kampasi ya karibu nanyi ni Mabuki, iko wilaya ya Magu hapo. Ataanza astashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo, akifaulu anaendelea na stashahada. Mimi nimepita humo humo, leo nina duka la dawa za mifugo na watoto wanasoma.

#4 Mwana_Misungwi

#3 daktari, Mabuki iko Misungwi, sio Magu. Nimezaliwa hapo hapo. Shamba la kuzalisha mitamba ndilo lililotulea.

#5 Daktari_wa_Zizi

Ni kweli, Misungwi. Nimesahihishwa. Kampasi nyingine ya upande huu ni Kikulula kule Karagwe, ila kwa mtu wa Buhongwa Mabuki ni karibu zaidi.

#6 Mpokeaji_Maziwa

Mjomba shikamoo. Mimi ni dada, nafanya kazi kituo cha kukusanyia maziwa, sitataja ni cha nani. Naomba niseme kwa upole, daktari asinielewe vibaya: kozi ya afya na uzalishaji wa mifugo inakufundisha ng'ombe. Maziwa yakishatoka kwenye kiwele hapo ni somo lingine, na darasani mnaligusa kwa juu juu. Mimi nimesoma hiyo kozi. Kazi ninayoifanya leo nimeifundishwa na mama mmoja aliyekaa mapokezi miaka mingi, hana cheti chochote.

Nieleze asubuhi yangu ili huyo binti ajue anachokipenda. Saa kumi na mbili na nusu boda wa kwanza anaingia na madumu. Nafungua, kabla ya kipimo chochote nanusa. Pua ndiyo inaanza. Halafu nachota maziwa mililita 5 kwenye kikombe kidogo cha kioo, naongeza alkoholi ya asilimia 68, mililita 5 vile vile, nazungusha taratibu huku nimekiinua kwenye mwanga. Maziwa mazuri yanateleza kwenye kioo kama hakuna kilichotokea. Yaliyoanza kuchacha yanaacha chembe chembe, kama uji wa semolina uliokosewa, zinabaki zimeng'ang'ania ukutani. Hayo siyapokei, kwa sababu yakiingia kwenye mtambo yatagandia kwenye joto na kuharibu ya wenzake.

Na hapo ndipo ugumu ulipo. Kuna mzee alitoka na dumu lake lita 20 kwa baiskeli kabla hakujapambazuka. Zikatoka chembe. Nikarudia mara ya pili, nikarudia mara ya tatu maana nilimwonea huruma. Zikatoka. Nikamuuliza, mzee wangu, kuna ng'ombe amezaa wiki hii? Akasema ndiyo, juzi. Kumbe alichanganya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, na maziwa ya wengine. Dang'a inaganda kwenye alkoholi hata kama ni mbichi kabisa. Alisimama pale ameshika dumu kwa mikono miwili. Toka siku ile kila mfugaji mpya namwambia habari ya dang'a kabla sijamuuliza jina.

Kazi hii inataka mtu wa kusema hapana kwa heshima. Hilo hawalifundishi Mabuki wala popote.

#7 Mjomba_Buhongwa

Dada marahaba. Nimemsomea binti hii yako kwa sauti, akaniambia nirudie pale kwenye kikombe. Wabeja sana.

#8 Kinyozi_Igoma

Jibu la swali la kwanza ni rahisi: pesa. Mimi nanunua maziwa mabichi kwa boda kila asubuhi, lita shilingi 1,500, nachemsha nyumbani. Kiwanda kitamlipa mfugaji elfu moja na kidogo, kisha kimkate usafiri. Mfugaji gani atakubali? Kiwanda kikikosa maziwa kinakosa ajira. Hakuna siri hapo.

#9 Samli_ya_Bibi

#8 una sehemu ya ukweli, lakini Tanga nako boda zipo na kiwanda kinapata maziwa. Tofauti ni ng'ombe wenyewe. Ng'ombe wetu wa asili anakupa lita moja, mbili, akijitahidi sana tatu, na ndama naye ananyonya. Kiangazi cha Agosti hata hiyo moja unaitafuta. Gari la kiwanda lizunguke kaya 60 kupata tangi moja? Mafuta ya gari yataliwa yote njiani. Wenzetu wa Tanga na Iringa wana chotara na Friesian kwenye eneo dogo. Nchi nzima tunazalisha zaidi ya lita bilioni 3 kwa mwaka na kinachopita viwandani ni asilimia chache tu. Ng'ombe wengi sio maziwa mengi.

Ila maziwa ya ng'ombe wa asili yana mafuta mengi, karibu asilimia 5, ya Friesian ni kama 3.5. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa watu wa samli. Mpwa wa mjomba kaanzia mahali sahihi.

#10 Mzee_wa_Rorya

Vijana, mnaongea kama kiwanda cha maziwa hakijawahi kuwepo Kanda ya Ziwa. Utegi kulikuwa na kiwanda, na Musoma kulikuwa na kingine, vyote chini ya shirika la umma la maziwa. Baba yangu alikuwa mpokeaji Utegi, kama huyu dada wa #6. Alivaa koti jeupe. Shuleni tulijulikana kama watoto wa maziwa.

Halafu ikaja miaka ya ubinafsishaji na mambo yakabadilika. Ninachoamini mimi: sio ng'ombe, sio boda. Ni usimamizi. Watu walikuwepo, ujuzi ulikuwepo, wakatawanyika wakaenda kulima. Ujuzi wa baba yangu ulikufa naye kwa sababu hakupewa kijana wa kumrithisha.

#11 Samli_ya_Bibi

Mzee shikamoo. Naomba nikumbushe kitu kimoja kwa adabu. Viwanda vile vya shirika vilitegemea sana unga wa maziwa na mafuta ya maziwa kutoka nje, tena mengi ya msaada, wanachanganya na maji. Kwa hiyo hata enzi hizo maziwa ya mfugaji peke yake hayakuwa yanavijaza. Inarudi kule kule kwenye ng'ombe.

#12 Mzee_wa_Rorya

Marahaba. Unga ulikuwepo, silikatai. Lakini Utegi wafugaji walileta maziwa kwa miguu na kwa punda, nimeyaona kwa macho yangu. Usiniambie yalikuwa unga.

#13 Fundi_Boila

Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyemgusa mtu anayeajiriwa kweli. Nimefanya kazi viwanda vitatu, viwili vya vyakula na kimoja cha maziwa. Kiwanda cha maziwa ukikikagua ni boila, kompresa za ubaridi, pampu, mabomba na umeme. Mtaalamu wa maziwa wanahitaji mmoja au wawili, basi. Mafundi wanahitajika saa 24. Siku kompresa inagoma na tangi lina lita elfu tatu, hakuna anayemtafuta mwenye digrii, wananipigia mimi saa nane usiku.

Mjomba, mpeleke VETA, chuo cha ufundi stadi, akasome majokofu na viyoyozi, au umeme wa viwandani. Atapata kazi kwenye maziwa, kwenye samaki, kwenye bia, kwenye hoteli. Akisomea maziwa tu atabaki kusubiri kiwanda kijengwe.

#14 Binti_Maabara

Fundi, kazi yako naiheshimu, lakini nani anakuambia maziwa yamepoa vya kutosha? Nani anasema hili tangi lisiende sokoni? Mimi nimesoma sayansi na teknolojia ya chakula SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nipo maabara. Mtu akija na maziwa aliyoongeza maji, laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, inashuka chini ya 28. Sawa, umemkamata. Sasa kuna mjanja anaengua kwanza mafuta ya juu. Kuengua kunapandisha kipimo, akiongeza maji kinashuka, kinakaa pale pale kwenye 29. Laktomita inasema safi. Hapo ndipo unahitaji kipimo cha mafuta cha Gerber: asidi ya salfuriki, maziwa, alkoholi ya amili kidogo, unafunga kichupa, unazungusha kwenye mashine, unasoma mstari wa mafuta. Kikisoma 2.1 wakati jana yake kilikuwa 4.3, mjanja amejulikana. Asidi ile ikikudondokea inatoboa koti, kwa hiyo haina nafasi ya kubahatisha.

Mjomba, njia ya SUA ni ndefu, kwa D zake itabidi apite stashahada kwanza. Lakini ipo.

#15 Fundi_Boila

#14 binti umeongea vizuri. Nitakupigia siku boila ikizimika ulizungushe kwa mkono.

#16 Binti_Maabara

Nitakuja na Gerber yangu nikupime na wewe mafuta, fundi. Tuendelee.

#17 Mama_Mtindi_Nyakato

Mimi napita katikati yenu. Nina kiwanda changu, ndiyo nakiita kiwanda: chumba kimoja, jiko la gesi, sufuria mbili kubwa, friza na wasichana wawili. Nilianzia mafunzo mafupi ya usindikaji SIDO, shirika la viwanda vidogo, siku chache tu, nikaendelea kujifunza kwa hasara. Mjomba, ajira ya maziwa Mwanza ipo hapa kwetu wadogo, haitangazwi kwenye gazeti.

Nina shida, nisaidieni wataalamu mliopo. Jumanne iliyopita nilichemsha lita 40 mpaka nyuzi 85, nikashikilia nusu saa, nikapooza, nikaweka mbegu ya mtindi, ile mnayoita kalcha. Nikafunika kwa mablanketi kama siku zote. Asubuhi nafunua: maziwa. Maji maji yale yale, matamu, hayana hata dalili. Lita 40! Nilikaa chini sakafuni. Nilikosea wapi?

#18 Daktari_wa_Zizi

Mama pole. Hiyo nina hakika ni dawa. Mfugaji wako amemchoma ng'ombe antibayotiki kwa ugonjwa wa kiwele na hakusubiri siku zilizoandikwa kwenye kichupa. Dawa ile haitoki kwa kuchemsha. Inaingia kwenye maziwa, inaua mbegu yako. Nawauzia hizo dawa, nawaambia kila siku, wanaitikia halafu wanakamua na kuuza.

#19 Binti_Maabara

Inawezekana, ila tusimhukumu mfugaji haraka. Mama, ulipoweka mbegu joto lilikuwa ngapi? Ulitumia kipimajoto au kidole?

#20 Mama_Mtindi_Nyakato

Kipimajoto kilivunjika wiki ile. Nilitumia mkono. Lakini mkono huu umetengeneza mtindi miaka sita, mwanangu.

#21 Binti_Maabara

Mama yangu, mkono unaweza kukudanganya kati ya 43 na 52. Mbegu ya mtindi wa moto inapenda 42 mpaka 45. Ikikutana na 52 au 55 wale bakteria wanaumia au wanakufa, asubuhi unakuta maziwa. Nashuku joto.

#22 Mpokeaji_Maziwa

Mimi nauliza ndoo. Mliziosha na nini? Kituoni kwetu msichana mpya alisuuza madumu kwa dawa ya kuulia vijidudu akasahau maji ya mwisho. Dawa iliyobaki inatosha kuua mbegu.

#23 Kinyozi_Igoma

Na friza? Umeme ulikuwa unakatika wiki ile Nyakato yote. Mbegu ikiyeyuka na kuganda mara tatu inabaki na nguvu gani?

#24 Binti_Maabara

Kinyozi umenishangaza, hoja nzuri hiyo. Mama, fanya hivi: chemsha maziwa ya huyo mfugaji kikombe kimoja, na ya mfugaji mwingine kikombe kimoja. Vyombo vimeoshwa sawa, joto sawa, mbegu ile ile. Kimoja kikiganda na kingine kikigoma, daktari ameshinda. Vyote vikigoma, tuangalie mbegu.

#25 Usindikaji_Huru

Kwa mjomba: binti akitaka kuanza kidogo kama mama wa Nyakato ajue usajili. Kuna Bodi ya Maziwa, ipo kwa Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya 2004, wadau wote wa maziwa wanajisajili huko. Halafu TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa ajili ya bidhaa na jengo.

#26 Mama_Mtindi_Nyakato

#25 hiyo ya TFDA ni ya zamani. Tangu 2019 chakula kimehamia TBS, shirika la viwango, TFDA ikawa TMDA, wamebaki na dawa na vifaa tiba. Nilizunguka ofisi siku mbili kwa kuambiwa kama wewe. Mjasiriamali mdogo apite SIDO kwanza apate barua ya utambulisho, inasaidia sana kwenye gharama za TBS. Na wafanyakazi wote wapimwe afya, kadi zikae ukutani.

#27 Minofu_Igogo

Nimefanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara miaka mingi, maziwa nayanywa tu. Lakini nina la kusema kwenye swali la kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria. Mji huu ulitetemeka. Baada ya hapo ndipo maabara zikajengwa, wakaguzi wakaajiriwa, vijana wakapelekwa kusoma usalama wa chakula. Ajira za utaalamu zilikuja kwa sababu mnunuzi alisema bila hivyo sinunui.

Kwenye maziwa mnunuzi ni Kinyozi wa #8, ananunua kwa boda na kuchemsha nyumbani. Hajamdai mtu cheti. Siku Mwanza tukikataa dumu la plastiki lililofungwa kwa mfuko wa nailoni, ndipo mpwa wa mjomba atatafutwa.

#28 Kinyozi_Igoma

Nimesikia #27. Lakini maziwa ya pakiti lita ni karibu mara mbili. Nina watoto wanne.

#29 Mvuka_Busisi

Niongeze barabara. Mimi natoa maziwa Sengerema kuleta mjini. Zamani foleni ya kivuko ilikuwa inaamua kama maziwa yangu ni maziwa au mtindi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 navuka kwa pikipiki dakika chache. Kwa hiyo msiseme maziwa hayatoshi, mengine yalikuwa yanachachia kwenye foleni. Mwenye tangi la kupoozea upande wa Sengerema aje, tupo.

#30 Samli_ya_Bibi

#29 hiyo sikuifikiria. Bado nasimama na ng'ombe wangu, ila hiyo ni kweli.

#31 Mwalimu_wa_Chakula

Habari wadau, nimechelewa. Machache.

Mtu mmoja jana kwenye kundi letu aliandika kwamba maziwa unayapasha nyuzi 72 kwa nusu saa. Hapana. Ni 63 kwa dakika 30 kama unatumia sufuria au tangi, au 72 kwa sekunde 15 kama una mtambo wa kupitisha. Nyuzi 85 za mama wa Nyakato ni kwa ajili ya mtindi, protini zishikane uwe mzito. Binti aanze na kujua namba hizi na sababu zake.

Nchi jirani wana vyuo vya maziwa hasa: Naivasha kule Kenya, na Entebbe Uganda. Ni vyuo vya kazi, unavaa mabuti unashika mitambo. Ada na maisha ya ugenini mjomba apige hesabu mwenyewe.

Na yule mama wa #6 aliyemfundisha dada bila cheti, mwambieni VETA wana urasimishaji ujuzi. Anapimwa anachokijua, anapewa cheti. Anastahili.

#32 Mpokeaji_Maziwa

Mwalimu, nimemsomea. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama watamuuliza kwa Kiingereza. Nimemwambia mtihani wake ni ule kikombe cha kioo. Tunaenda wote VETA Nyakato wiki ijayo kuulizia.

#33 Mzee_wa_Rorya

Mungu ambariki huyo mama. Baba yangu angepata hiyo.

#34 Mama_Mtindi_Nyakato

Mrejesho wa vikombe. Nimefanya kama binti alivyoelekeza, na kipimajoto kipya, nyuzi 43. Vyote viwili vimeganda. Vizuri kabisa, ukikigeuza hakimwagiki.

#35 Daktari_wa_Zizi

Mama, hayo ni maziwa ya wiki hii. Ng'ombe amemaliza dawa.

#36 Binti_Maabara

Au ni joto, daktari. Amepata kipimajoto.

#37 Mpokeaji_Maziwa

Au vikombe vilisuuzwa na ndoo haikusuuzwa.

#38 Mjomba_Buhongwa

Wakuu nimerudi. Tumekaa na dada yangu na binti. Ushauri wa fundi ulimvutia baba yake, wa SUA ulimvutia mama yake. Binti amesikiliza wote. Akaomba kitu kimoja: kabla ya fomu yoyote akakae mwezi mmoja kwa mama wa Nyakato, bila mshahara, aoshe ndoo. Mama, nimekuandikia pembeni. Akitoka hapo ataomba Mabuki dirisha likifunguliwa, huku tunaangalia hesabu za Entebbe.

#39 Mama_Mtindi_Nyakato

Nimeona ujumbe. Aje Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, nywele zimefungwa, kucha fupi, asipake manukato maana pua ndiyo kipimo cha kwanza. Nauli na chakula cha mchana ni juu yangu. Na daftari, kila joto analoandika aweke na saa. Tutaijua ile Jumanne ilikuwa nini.

#40 Mjomba_Buhongwa

Mabuti ya mpira meupe namba 37 nayapata wapi mjini? Nimekuta meusi tu.

#41 Minofu_Igogo

Jaribu Makoroboi. Ukikosa njoo Igogo, viwanda vya samaki tunavaa hayo hayo. Nina jozi mpya ya 38, akivaa na soksi nzito itamkaa.